Pima tela kwanza, ndipo uchague gari la dizeli la kulivuta

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili niseme jambo ambalo nimekuwa nikilirudia gereji, kwenye kituo cha mafuta na hata msibani, kila ninapoulizwa na mtu anayetaka kununua gari la dizeli la 4x4 litakalompeleka kazini siku za kazi na kumvutia tela la mazao siku za mapumziko. Nimemiliki magari mawili ya namna hiyo kwa jumla ya miaka 11, nimevuta tela katika barabara ya Iringa misimu mingi, na nina hakika kwamba wengi wetu tunayachagua magari haya kwa kuanzia mwisho. Tunaanza na jina la gari, tunahamia kwenye mwaka na rangi, tunavutana juu ya bei, halafu siku ya kwanza ya kufunga tela ndipo tunajiuliza kama litaweza.

Mimi ni mwajiriwa jijini Dar es Salaam na ninaishi Kibaha, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka katikati ya jiji. Siku tano kwa juma ninatoka nyumbani saa 11 alfajiri, ninapita Kibamba, Mbezi, Kimara na Ubungo, na jioni ninarudi kwa njia ileile. Msimu wa vitunguu ukifika, gari hilohilo linafungwa tela na kwenda Ilula, mkoani Iringa, ambako mimi na shemeji yangu tunalima ekari tatu za kumwagilia. Kwa hiyo gari moja lina kazi mbili zisizofanana hata kidogo: ya kwanza ni kusimama kwenye foleni, na ya pili ni kushusha mzigo mzito katika mlima Kitonga.

Mtu akiniuliza anunue gari gani, mimi humuuliza kwanza tela lake lina kilo ngapi likiwa limejaa. Karibu wote hunijibu kwa idadi ya magunia, au kwa urefu wa tela, au hunyoosha mikono kunionyesha ukubwa wake. Siwalaumu, kwa sababu hata mimi nilikuwa hivyohivyo, na swali hilo nilijifunza kuliuliza kwa namna ambayo simwombei mtu mwingine.

Ilikuwa Septemba 2016. Tulipakia Ilula magunia 14 ya vitunguu kwenye tela la futi nane nililochomelewa na fundi wa mtaani. Hesabu yangu ya kichwani ilikuwa rahisi: gunia kilo 100, magunia 14 kilo 1,400, tela tupu kilo 400 na ushee, jumla haifiki tani mbili, na kitabu cha gari kilisema wazi kwamba linaruhusiwa kuvuta kilo 2,800. Nikaondoka na amani moyoni. Mambo mawili yalikuwa yamenipita. La kwanza, magunia yale yalikuwa ya lumbesa, yaliyoongezewa kilemba cha nyavu juu na kushonwa kwa kamba mpaka gunia likawa na kimo cha mtoto wa darasa la nne. La pili, zile kilo 2,800 za kitabuni zilikuwa za tela lenye breki zake lenyewe, na tela langu halikuwa na breki yoyote.

Tulifika Kitonga jua likiwa limekwisha kuzama. Anayeijua sehemu ile hahitaji maelezo. Kwa asiyeijua, ni mteremko mrefu wa kona kali, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande wa pili korongo, na malori yaendayo Zambia na Kongo yanapanda na kushuka usiku na mchana. Mbele yetu lilikuwapo lori la mafuta likishuka taratibu kwa gia nzito. Mimi nilikuwa kwenye gia ya nne, nikikanyaga breki kidogo, nikiachia, nikikanyaga tena. Kwenye kona ya tatu nikasikia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Kwenye kona iliyofuata pedali ya breki ikazama mpaka karibu na sakafu na gari lisipungue mwendo ipasavyo, huku tela likitusukuma kutoka nyuma na kuanza kuivuta nyuma ya gari pembeni. Shemeji hakusema neno. Aliweka kiganja kwenye dashibodi na kukikaza. Nikarudisha gia ya tatu, kisha nikailazimisha ya pili, injini ikalia mpaka mshale ukakaribia alama nyekundu, mwendo ukavunjika, nikamalizia kwa breki ya mkono, na tukasimama mahali palipokuwa na upana kidogo kando ya lami. Shemeji aliruka chini na kutia mawe kwenye matairi ya tela. Ringi za mbele zilikuwa zinafuka moshi. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima tukizingoja zipoe zenyewe, kwa kuwa diski iliyoiva ukiimwagia maji unaipinda.

Kesho yake, kabla ya kushusha mzigo, nililipeleka tela kwenye mizani ya malori katika kiwanda kimoja. Lilikuwa na kilo 2,270. Jioni nikalirudisha likiwa tupu, likapimwa kilo 480. Kila gunia, kwa wastani, lilikuwa na kilo 128. Kwa magari mengi ya aina hii mtengenezaji huruhusu kilo 750 tu kwa tela lisilo na breki, na huanzia kilo 2,500 hadi 3,500 kwa tela lenye breki. Tela langu tupu na magunia mawili ya lumbesa yalikuwa tayari yamekaribia kikomo cha kwanza. Magunia mengine 12 niliyateremsha Kitonga kwa rehema za Mungu.

Tangu siku hiyo sipakii kitu ambacho sikijui uzito. Maji ndiyo yanayowadanganya wengi zaidi, kwa sababu tangi la plastiki ni jepesi likiwa tupu: tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja kamili, na maji hayo yanacheza ndani kila unapokata kona au kufunga breki, hasa likiwa limejaa nusu. Mchanga uliolowa ni mzito kuliko mkavu. Ng'ombe wa maziwa huweza kuvuka kilo 400, tena mzigo huo unahamahama wenyewe. Mtu akishaandika kilo zake kwenye karatasi, nusu ya mabishano kuhusu gari lipi ni bora yanaisha, kwa sababu baadhi ya magari yanajiondoa yenyewe.

Uzito pia una mahali pake pa kukaa. Mkono wa tela unapaswa kuliegemea gari kwa kiasi fulani, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wa tela, na kikomo halisi kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukipakia nyuma sana, mkono unakuwa mwepesi na tela linaanza kucheza kushoto na kulia kadiri mwendo unavyoongezeka, na hapo dereva akikanyaga breki kwa hofu anazidisha ubaya. Dawa ni kuachia mafuta na kushika usukani bila kuukokota. Ukipakia mbele sana, pua ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na taa zinawachoma macho wanaokuja mbele yako. Kuna jambo dogo jingine ambalo watu hulidharau: tufe la chuma la kuvutia lipo la milimita 50 na lipo la inchi mbili, ambayo ni karibu milimita 51. Kwa macho yanafanana kabisa. Kikombe cha mkono wa tela kinachofunika tufe, kikiwa cha inchi mbili juu ya tufe la milimita 50, kinakaa kwa kulegea na kulila tufe taratibu, na kikombe cha milimita 50 juu ya tufe la inchi mbili kinaweza kukataa kujifunga sawasawa huku mwenye gari akidhani kimefunga. Siku ya kununua, nenda na kipimo.

Baada ya uzito ndipo tuzungumzie injini. Dizeli inafaa kuvuta si kwa sababu ina mbio, bali kwa sababu nguvu yake ya mzunguko inapatikana mapema. Chukua Toyota Land Cruiser Prado, gari ambalo wasomaji wengi wanalifahamu. Injini yake ya petroli ya lita 2.7, maarufu kama 2TR, inatoa nyutoni-mita (kipimo cha nguvu hiyo) 240 na ushee, tena mpaka injini ikaribie mizunguko 4,000 kwa dakika. Injini ya dizeli ya lita 3.0, yaani 1KD, katika toleo lake la nyutoni-mita 410, inaitoa nguvu hiyo yote kuanzia mizunguko 1,600. Kwa lugha ya barabarani, hii ya pili inalitoa tela kwenye tope la shamba bila kuchoma klachi na inapanda Kitonga bila kupiga kelele, ilhali ile ya kwanza inapanda pia, lakini kwa gia ya pili, kwa makelele na kwa mafuta mengi.

Iko pia 1HZ, injini ya silinda sita na lita 4.2, isiyo na turbo wala kompyuta, ambayo tangu mwaka 1990 imebeba Land Cruiser za miradi ya serikali, za hospitali za misheni na za kupeleka watalii mbugani. Nguvu yake ya mzunguko ni nyutoni-mita 285 tu, na kwa kuwa haina turbo, hewa nyepesi ya nyanda za juu inaipunguzia pumzi, kwa makadirio asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Hata hivyo, fundi wa kijijini anaweza kuifungua chini ya mwembe kwa spana zake za kawaida na ikawaka tena. Anayeishi mbali na lami, anayevuta tangi la maji au mbegu kwenye barabara ya vumbi kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, huyo nitampa 1HZ bila kusita. Anayeshinda kwenye foleni ya Kimara asubuhi na jioni nitamwambia afikiri upya, kwa sababu klachi nzito na springi ngumu za nyuma zinachosha mwili kila siku, na uchovu huo unaingia kazini pamoja naye.

Mfumo wa kuendesha magurudumu nao uangaliwe kabla ya kulipa. Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70, Hilux, Isuzu D-Max na pikapu nyingine nyingi husukuma kwa magurudumu ya nyuma tu mpaka dereva aweke fo, yaani magurudumu yote manne yasukume, na fo hiyo haitakiwi kwenye lami kavu, kwa kuwa shafti za mbele na nyuma zinabanana kwenye kona na kuumiza gia boksi. Kwenye lami iliyolowa, gari la namna hiyo likiwa na tela zito linavuta kwa magurudumu mawili yanayoweza kuteleza. Prado inasukuma kwa yote manne wakati wote na ina difu ya katikati inayoweza kufungwa kwenye tope. Kwa mtu wa kazi mbili kama mimi, tofauti hiyo ina uzito kuliko viti vya ngozi. Namheshimu kila mwenye shangingi lake, lakini viti vya ngozi havivuti vitunguu.

Kwa gia boksi ya otomatiki, iliyo nafuu kweli kwenye foleni, adui ni joto. Ukiwa na tela, zuia gia ya juu kabisa kwa kitufe au kwa mkono, ili gia boksi isirukeruke kati ya gia mbili mlimani na kuchemsha haidroliki yake. Na kama unavuta mara kwa mara, ongeza rejeta ndogo ya kupoza haidroliki hiyo. Ya manyuki, yaani ya kubadili gia kwa mkono, haina shida hiyo, ila mguu wa kushoto wa mwenye foleni utajua.

Sasa nije kwenye jambo linalowaponza wanunuzi wa magari ya mtumba. Prado ya dizeli haikuuzwa nchini Japani kati ya mwaka 2007 na 2015. Kanuni za hewa chafu za nchi hiyo zilikuwa zimekazwa, 1KD ikaondolewa katika soko la ndani mwaka 2007, na dizeli ilirudi mwaka 2015 ikiwa ni injini nyingine, ya lita 2.8, yaani 1GD. Kwa hiyo anayekutangazia Prado ya dizeli ya mwaka 2010 iliyotoka Japani ana la kukueleza. Huenda imetoka Uingereza, Australia au nchi nyingine inayoendesha upande wa kushoto, na hilo si kosa, lakini gari la Uingereza limetembea juu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, na fremu yake inataka kukaguliwa kwa tochi na nyundo, hasa pale nyuma panapobeba chuma cha kuvutia tela. Kutu ikishaila fremu pale, hata breki bora za tela hazikusaidii.

Juu ya hiyo 1GD iliyotoka Japani nitasema zaidi, kwa sababu ndiyo inayohusu kazi ya foleni. Ina chujio la masizi kwenye ekzosi na inatumia maji ya urea, ambayo wengi wanayajua kwa jina la AdBlue. Chujio hilo hukusanya masizi na kuyachoma lenyewe, lakini ili kuyachoma linahitaji ekzosi ipate joto kali, karibu nyuzi 600, kwa muda wa kutosha. Safari ya Kibaha hadi Posta kwa saa mbili, nusu yake gari likiwa limesimama, haileti joto hilo. Masizi yanajaa, taa inawaka, dereva anazima gari akiwa amefika kazini wakati chujio limeanza kujisafisha, na mwezi unaofuata yuko gereji akiambiwa likatwe. Mimi sishauri kulikata, kwa sababu moshi ule unaowatoka wenye magari yaliyokatwa unaingia kwenye vifua vya akina mama wanaouza matunda Mbezi. Mwenye gari la namna hiyo na afanye kitu rahisi: mara moja kwa juma alitembeze dakika 30 au 40 bila kusimama, kwa mwendo wa barabara kuu na kwa gia itakayoweka injini kwenye mizunguko 2,000 na zaidi. Anayevuta tela kila baada ya wiki mbili hana shida hii, kwa sababu tela lenyewe linaipasha ekzosi. Anayevuta mara moja kwa mwaka ndiye anayeumia.

Kwa huyo wa mara moja kwa mwaka nina ushauri ambao hautawafurahisha wauza magari. Kwa siku 22 za kazi mimi ninatembea kilomita 1,760 kwenda na kurudi. Gari langu la dizeli kwenye foleni linanipa kilomita 9 kwa lita, kwa hiyo ninamaliza lita 195 hivi kwa mwezi. Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 15 kwa lita lingemaliza lita 117. Tofauti ya lita 78 kila mwezi, kwa mwaka mzima, ni zaidi ya lita 900. Mtu anayevuta tela mara tatu au nne kwa mwaka anunue gari dogo, na siku ya mavuno akodi Canter yenye dereva anayeijua Kitonga. Atabaki na fedha, na tela hatalihitaji. Gari la dizeli la 4x4 linamfaa yule ambaye tela ni sehemu ya kila mwezi wake, au ambaye njia ya nyumbani kwake masika haipitiki bila fo.

Kuhusu kodi sina mengi. Forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 2,000 ni asilimia 10, VAT asilimia 18, na gari lililozidi umri uliowekwa linaongezewa ushuru wa uchakavu. Kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni na kila mmoja akitumie kabla ya kutuma hata senti moja.

Kulimiliki gari hili kunataka nidhamu ya mafuta kuliko kitu kingine. Kuanzia Januari 2015 nchi zetu za Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hiyo ilikuwa hatua kubwa, ingawa Japani na Ulaya wanatumia isiyozidi 10. Uchakachuaji nao ulipigwa vita: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kutia vinasaba (alama ya kuyatambua) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuyachanganya na dizeli kusiwe na faida. Bado lipo tatizo la maji, hasa kwa dizeli iliyokaa kwenye mapipa vijijini. Nozeli za injini za kisasa zina matundu membamba sana na zinafanya kazi kwa msukumo mkubwa mno. Tone la maji linaziua. Mimi hufungua koki ya chini ya chujio la dizeli kila baada ya wiki mbili na kukinga kwenye chupa ya soda iliyo wazi. Maji yakiwapo yanatulia chini yakiwa meupe, dizeli inaelea juu ikiwa na rangi ya asali. Ni kazi ya dakika tano, na imeniokoa walau mara mbili.

Kwa wenye 1KD, wekeni sikio kwenye nozeli. Washa zake ndogo za shaba zikianza kuvuja, moshi wa mwako unaingia ndani ya injini, unaigeuza oili kuwa kama lami, na lami hiyo inaziba chujio la kunyonyea oili lililo chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili. Dereva haoni kitu mpaka taa ya oili inawaka mlimani na injini inakufa siku hiyohiyo. Washa hizo ni za bei ndogo. Zibadilishwe mapema, sampu ifunguliwe na chujio lile liangaliwe. Oili, lita saba hivi, ibadilishwe kila kilomita 5,000 na si zaidi, na mkanda wa taiming ubadilishwe kila kilomita 100,000 hata kama muuzaji anaapa kwamba bado mpya. Baada ya kupanda mlima na tela, usizime injini papo hapo. Iache ilie taratibu dakika mbili turbo ipoe.

Nina maombi matatu. Kwa wanaoagiza na kuuza magari, naomba tangazo la gari la 4x4 lionyeshe uzito linaoruhusiwa kuvuta, kwa tela lenye breki na kwa lisilo na breki, kama linavyoonyesha cc na rangi. Namba hizo zipo kwenye kitabu cha kila gari. Kwa mafundi wetu wa kuchomelea, ambao kazi yao naiheshimu na ninaitumia, naomba msimkabidhi mteja tela la ekseli moja linalotarajiwa kubeba zaidi ya kilo 750 bila breki. Tela langu sasa lina ekseli yenye breki na mkono unaojisukuma: gari likipunguza mwendo, tela linasonga mbele kidogo, fimbo inavuta waya, na breki za tela zinakamata zenyewe. Kazi yote ilinigharimu chini ya bei ya matairi manne mapya ya gari.

La tatu ni kwa halmashauri zetu na wasimamizi wa barabara. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inayalenga magari ya kuanzia kilo 3,500, na mizani ya barabara kuu imejengwa kwa ajili ya malori na mabasi. Sisi wenye matela madogo tuko nje ya macho yake. Lakini kabla hatujafika barabara kuu tunapita kwenye vizuizi vya ushuru wa mazao, ambako magunia yetu yanahesabiwa moja moja na risiti inaandikwa. Pawekwe hapo mizani ya sahani, ile ya kuwekwa chini ya gurudumu, na karani aandike kwenye risiti hiyohiyo kilo za tela pamoja na idadi ya magunia. Lumbesa itaonekana palepale, mkulima atajua anachouza, na dereva ataijua namba yake kabla ya kufika kona ya kwanza ya Kitonga. Ilula tunaanza kung'oa vitunguu mwezi ujao, na mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni ya kupimwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima na mwajiriwa,
Kibaha, Pwani.